Farasi Ndani ya Kitenzi: Historia ya Maneno ya Mbio katika Kiingereza

Limekuwapo kwa muda mrefu, miongoni mwetu wanafunzi wa fasihi na hasa wale tunaochukua pia kozi ya tafsiri, dai kwamba Kiswahili ni lugha fukara pale mtu anapotaka kukimbia. Ushahidi unaotolewa ni wa kuhesabu vidole. Kiingereza, wanasema wadai hao, kina "run", "race", "rush", "dash", "dart", "bolt", "sprint", "trot", "canter", "gallop", "jog", "scamper", "career" na mengine kibao. Kiswahili kina "kimbia", basi. Mfasiri akikutana na ukurasa wa riwaya ambamo watu watano wanakwenda kasi kwa vitenzi vitano tofauti, wote watano anawapa "akakimbia", na ukurasa uliokuwa na uhai unalala chali. Kisha lawama anatupiwa nani? Lugha.

Makala haya hayakusudii kukana kwamba maneno hayo yapo. Yapo, na mwenye macho ayaone katika kamusi. Tunachouliza ni swali la kihistoria ambalo wadai hawaliulizi: maneno hayo yalitoka wapi, na yalikuwa yakifanya kazi gani kabla hayajaanza kukimbia? Maana, ndugu msomaji, ukiyafuatilia moja moja utagundua jambo la kushangaza kidogo. Mengi kati yake hayakuwa maneno ya mbio hata chembe, na mengi ya yale yaliyokuwa ya mbio hayakuwa mbio za binadamu.

Tuanze na farasi, maana ndiye mwenye fungu kubwa la mali hii. Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari, akamshinda mfalme Harold pale Hastings, na kwa takriban karne tatu zilizofuata lugha ya ikulu, ya mahakama na ya waungwana wa Uingereza ikawa Kifaransa. Walimu hupenda kutolea mfano nyama: ng'ombe akiwa zizini anaitwa "cow", neno la mchungaji, lakini akifika mezani kwa bwana anageuka "beef", neno la Kifaransa. Mfano huu Walter Scott aliutia katika riwaya yake ya Ivanhoe, na tangu hapo umetumika mpaka umechakaa. Lakini mbona hatuutazami mwendo kwa jicho hilo hilo? Anayekwenda kwa miguu yake mwenyewe ana maneno ya kienyeji: "run", "leap", "creep". Aliyepanda mnyama ana maneno yaliyopitia kwa mabwana: "amble", "trot", "gallop". Sidai kwamba mpaka huu hauna matundu. Maneno hayana mlinzi wa mpakani. Hata hivyo, wenzetu wanaopenda kutafuta matabaka katika kila riwaya wangeyapata hapa bila jasho, ndani ya kitenzi chenyewe.

"Gallop" lina safari ndefu. Wafaransa walikuwa na kitenzi "galoper", nacho kwa asili kinaelekea kutoka katika maneno mawili ya Wafranki, Wajerumani wa kale walioitawala Ufaransa, yenye maana ya "kukimbia vizuri". Yaani neno lilitoka kwa Wajerumani, likavishwa kanzu ya Kifaransa, ndipo likavuka mlangobahari kwenda Uingereza. Na lilivuka mara mbili! Huko kaskazini mwa Ufaransa, pale wengine walipotamka "g", wao walitamka "w". Kwa hiyo likaja pia "wallop". Nalo hapo mwanzo lilikuwa mbio za farasi vilevile. Baadaye likawa mtokoto wa chungu kinachochemka kwa kishindo. Siku hizi ni kichapo. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anakimbia uwanjani, mwingine anatandika watu.

"Amble" nalo lilitoka katika kitenzi cha Kilatini cha kutembea. Kwa wapanda farasi lilikuwa mwendo maalumu, laini, ambapo mnyama anainua miguu ya upande mmoja kwa pamoja, na mpandaji hatikisiki sana. Kutoka shina hilo hilo la kutembea tukapata "ambulance", kwani hapo mwanzo Wafaransa waliita hospitali ya kivita iliyofuata jeshi "hospitali itembeayo". Gari linalopita kwa ving'ora huku magari mengine yote yakilipisha, kumbe jina lake linatembea tu.

Lakini kati ya maneno yote ya farasi, linalonivutia zaidi ni "canter". Mwaka 1170 Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa lake mjini Canterbury, na kaburi lake likawa mahali pa hija. Mahujaji walikwenda huko kwa karne kadhaa. Chaucer aliwaweka wa kwake juu ya farasi na kuwapa hadithi za kusimuliana njiani, na hizo ndizo tunazozisoma mpaka leo. Mwendo uliosadikiwa kuwa wa mahujaji hao, si wa kukurupuka wala si wa kujikokota, ukaitwa mbio za Canterbury. Jina likakatwa, likabaki "canter". Sasa angalia tarehe. Mfalme Henry wa Nane aliamuru mahali pale patakatifu pavunjwe, na pakavunjwa mwaka 1538. Jina la mbio za Canterbury linaonekana katika maandishi ya karne ya 17, na kitenzi kilichokatwa kinaonekana mwanzoni mwa karne ya 18. Kwa maneno mengine, hija ilikwisha, kaburi likabomolewa, dini ya nchi ikabadilika, ndipo kitenzi kikazaliwa. Mhakiki anayesoma riwaya ya karne ya 19 na kukuta bwana fulani "akicanter" shambani kwake anasoma masalio ya hija bila ya kujua, na pengine hata mwandishi hakujua.

La mwisho katika zizi hili ni "career". Kifaransa "carrière" kilikuwa uwanja au njia ya kukimbizia farasi, kutoka neno la Kilatini la mkokoteni. Katika michezo ya mashujaa waliovaa chuma na kushika mikuki, lilikuwa neno la farasi anayeachiwa akimbie kwa nguvu zake zote. Kitenzi bado kina maana hiyo: kwenda kasi ovyo bila breki. Nomino imevaa tai na kuingia ofisini, ikawa maisha ya kazi ya mtu. Na tusiwacheke wenzetu wa ofisini, kwa sababu "curriculum" nayo kwa Kilatini ilikuwa mbio, au kiwanja cha mbio. Sisi tunasema mtalaa, neno la asili ya Kiarabu linalohusu kusoma. Basi mwanafunzi wa Kiingereza anakimbizwa, wa Kiswahili anasomeshwa. Ingawa wiki ya mitihani ikifika sioni tofauti kubwa.

Vita na mawindo vilileta mengine, na hapa nitapita haraka. "Bolt" ni mshale mfupi mzito wa upinde wa mtambo. Mtu "akibolt" anafyatuka kama mshale huo. Usain Bolt wa Jamaika, aliyemaliza mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, alirithi jina lake kwa wazazi tu, lakini mtunzi wa riwaya angempa mhusika wake jina hilo tungemwambia amezidisha. "Dart" ni kijimkuki cha kurusha. "Dash" lilikuwa kupiga na kuvunja. "Chase" na "catch" ni neno moja la Kifaransa la mawindo katika lahaja mbili, moja likabaki na mbio za kufukuza na jingine likabaki na mnyama mkononi. "Scamper", ambalo leo tunawapa panya na watoto, lilianza kama neno la kutoroka, na linaelekea kuwa na asili katika Kilatini cha kutoka uwanjani, uwanja wenyewe ukiwa wa vita. "Skedaddle" lilipata umaarufu mwaka 1861 kwa askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, walipokuwa wakiwacheka wenzao waliotimua mbio.

Nataka tusimame kidogo kwenye vielezi, kwa sababu hapa ndipo dai la ufukara linapoanza kuchekesha. "Fast" kwa asili ni imara, iliyoshikamana, isiyotikisika. Maana hiyo haijafa: mlango hufungwa "fast", na mtu aliyelala fofofo yuko "fast asleep". Imekuwaje neno la kutotikisika likawa la kwenda mbio? Njia ilikuwa hii: kukimbia "fast" kulikuwa kukimbia kwa kukaza, kwa nguvu, bila kulegea, na anayekimbia bila kulegea ni mwepesi kufika. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji profesa amweleze. Si tunasema "kaza mwendo"? Tunakaza kamba na tunakaza mbio kwa kitenzi kile kile. Na zaidi ya hapo: "fast" hilo hilo ndilo la kushinda bila kula, yaani kujishika sawasawa na amri, nasi kwetu mwenye saumu amefunga. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimepita njia moja, mara mbili, kwa neno la kufunga na kukaza.

"Quick" lilikuwa na maana ya hai. Kitabu cha sala cha Kianglikana cha zamani kilitumia neno hilo kwa walio hai wanaosubiri hukumu pamoja na wafu, na zebaki kwa Kiingereza inaitwa fedha hai. "Speed" lilikuwa kufanikiwa. Aliyemtakia msafiri "Godspeed" hakumwambia akanyage mafuta, alimwombea Mungu amfanikishe. "Apace" lilikuwa hatua kwa hatua, mwendo wa mguu. Upande wetu "upesi" ni ndugu wa wepesi, asiye na mzigo. "Haraka" kwa Kiarabu ni mwendo wowote tu. "Hima" ni ari, nia ya moyo. Hakuna lugha iliyozaliwa na neno la kasi tayari mkononi. Zote zimeazima, kutoka kwenye uzito, uhai, moyo na kamba.

Tumebaki na baba mwenye nyumba, "run". Katika lugha za Kijerumani shina lake lilihusu pia kutiririka. Wajerumani wa leo wana "rinnen" kwa maji yanayochuruzika, na Mwingereza mpaka leo anasema mto "unarun", bomba "linarun", na mafua yakimshika pua "inarun". Wavamizi wa Skandinavia nao walikuwa na neno linalofanana, likalitia nguvu lile la wenyeji. Na "race" ni lao hao, likiwa na maana ya mbio na pia ya mkondo wa maji. Kwa hiyo mbio za Mwingereza zina maji ndani. Ndiyo maana neno hili liliweza kuenea kila mahali, kama maji. Mitambo ilipokuja, treni ikapewa "run", mashine ikapewa "run", duka likapewa "run", na baadaye programu ya kompyuta. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wamefikisha maana 645 za kitenzi hicho kimoja, kikaipita "set" iliyokuwa ikiongoza. Mia sita arobaini na tano! Hebu tulieleze hili kwa wanaohesabu vitenzi: pale Kiingereza kilipohitaji maneno 645 kilitumia moja. Je, huo nao ni ufukara?

Hata Waingereza na Wamarekani hawakubaliani nalo. Mtu anayeutaka ubunge Uingereza anasimama. Anayetaka kiti kama hicho Marekani anakimbia. Kwetu anagombea. Mwenye kutaka kuandika tasnifu juu ya siasa na lugha, mada hiyo nimempa bure.

Sasa tulitazame "kimbia" letu. Kama "run" lina maji ndani, "kimbia" lina hofu. Liweke kwenye mnyambuliko uone: "kimbiza" ni kufukuza, "kimbilia" ni kutafuta hifadhi, "kimbilio" ni hifadhi yenyewe, na "mkimbizi" ni aliyeacha nyumba na shamba. Mkimbiaji wa riadha na mkimbizi wa vita wametengana kwa kiambishi tu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi. Wengi wao walitembea, wamebeba magodoro na watoto, hatua fupi fupi. Kiswahili kiliwaita wakimbizi, na hakuna aliyeona neno limekosea. Kiingereza kwa jambo hilo kina "refugee", la asili ya Kilatini, walilolipata kutokana na Waprotestanti waliokimbia Ufaransa katika karne ya 17. Mtu wa kawaida akilisikia hasikii mguu ukigusa ardhi. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "akakimbia" kila anapoona "run" haleti neno tupu. Anamtia mhusika hofu ambayo pengine mwandishi hakuiweka. Hilo, kwa maoni yangu, ni kosa kubwa kuliko kupoteza vitenzi vitano.

Je, kasi ya Kiswahili imejificha wapi? Mwanaisimu wa Marekani Leonard Talmy, katika kazi yake ya mwaka 1985, alizigawa lugha kwa namna zinavyosimulia mwendo. Baadhi huweka namna ya mwendo katika kitenzi na kuacha njia kwa kijineno cha pembeni: Mwingereza "anarun" ndani, "anarun" nje, "anarun" juu. Nyingine huweka njia katika kitenzi, na namna ya mwendo huja baadaye kama ikihitajika. Dan Slobin na wenzake waliwasimulisha watu wa lugha mbalimbali kitabu kile kile cha picha kisicho na maneno, wakaona Waingereza na Wajerumani wanamwaga vitenzi vya namna ya mwendo kuliko wazungumzaji wa Kihispania na Kituruki. Ukikitazama Kiswahili kwa darubini hii utaona mambo yamekaa vizuri: ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita, zunguka, vyote ni vitenzi vya njia. Namna inafuata nyuma: akaingia mbio, akatoka shoti, akashuka chapuchapu. Isitoshe, tuna misemo inayofanya kazi ya kitenzi kizima. Mtu anachanja mbuga. Anatimua mbio. Anatoka nduki. Anakula kona. Anatoka mguu niponye, na hapo, jamani, ni Kiingereza kinachobaki kinahangaika, maana mguu wenyewe umegeuzwa mganga. Sikiliza mtangazaji wa mpira redioni dakika kumi tu, kisha urudi utuambie Kiswahili hakijui kukimbia. Tatizo ni kwamba maneno haya tunayaacha getini tunapoingia darasani, tukidhani tafsiri inatakiwa ivae suti.

Chukua mbio za mazoezi. Kiingereza kilikuwa na "jog", kutikisa au kusukuma kidogo. Bill Bowerman, kocha wa Marekani, alikwenda New Zealand mwaka 1962, akaona watu wazima wakikimbia taratibu chini ya Arthur Lydiard, akarudi na mchezo huo kwao, na mwaka 1967 kikatoka kitabu chake juu yake. Sisi tuna mchakamchaka, wa shuleni alfajiri na wa JKT. Kwa sikio langu hilo ni neno lililotengenezwa kwa mlio wa nyayo nyingi zinazokanyaga pamoja; "jog" lina mwili mmoja unaotikisika, mchakamchaka una kundi zima na nyimbo zake.

Na farasi? Bara mbung'o alimzuia. Kule pwani punda ndiye aliyekuwa na kazi. Lakini kwenye fasihi farasi alishaingia zamani. Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale ni ya mwaka 1728, na tenzi nyingine za vita vya Mtume, zimejaa wapanda farasi. Kamusi nazo zina "telki" kwa mwendo wa haraka wa punda, na "shoti" kwa farasi anayekimbia. Ni maneno ambayo wengi wetu hatuyatumii, sawa. Hata "canter" lina wangapi wanaolitumia katika vituo vya mabasi vya London?

Jaribio gumu kabisa ninalolifahamu ni shairi la Robert Browning la mwaka 1845 juu ya wapanda farasi watatu wanaopeleka habari njema kutoka Ghent kwenda Aix. Farasi wawili wanaanguka njiani, mmoja tu anafika. "Gallop" limerudiwa humo mpaka msomaji anatikisika kitini, na hata mizani yenyewe imekatwa kwa mwendo wa kwato. Mwaka 1889, miezi michache kabla hajafa, Browning alirekodiwa akilighani shairi hilo katika mashine ya Edison. Alianza vizuri, akaenda kidogo, akasahau maneno yake mwenyewe na kuomba radhi. Atakayelileta kwa Kiswahili asihangaike kutafuta kitenzi kimoja cha kukaa mahali pa "gallop". Mbio azihamishie kwenye mizani, silabi zikimbizane, vina vigonge kama kwato, na vitenzi vibaki vya njia: wakatoka, wakavuka, wakapita, wakaingia. "Akakimbia" alitumie mara moja tu, pale hofu inapoingia kweli. Na akikutana na "canter" mahali pengine, ningemshauri aandike "telki", msomaji akafungue kamusi.